Siku Niliyoshika Kibendera

Ningeweza kukikataa kile kibendera. Katibu wa timu yetu alinifuata pale nilipokuwa nimekaa kwenye baiskeli yangu pembeni mwa uwanja, akaninyooshea tete la mtoni lililofungwa kitambaa chekundu, akasema, "Kaka, washika vibendera wamekwama ng'ambo. Wazee wamekupitisha wewe." Nilitazama kushoto na kulia kama mtu anayetafuta udhuru. Udhuru nilikuwa nao, maana nilijifahamu nilivyo. Nikalipokea lile tete.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa tano, mto Kilombero ukiwa bado umefurika. Waamuzi wawili wa pembeni walipangwa kutoka upande wa pili wa mto ili wasiwe watu wetu wala watu wa wageni. Asubuhi ile pantoni pale Kivukoni haikutembea. Mtu mwenye haraka aliweza kuvuka kwa mtumbwi, ila mwenye akili alisubiri maji yapungue, na wale wawili walikuwa na akili.

Kwa siku kama hizo Ifakara tulikuwa na utaratibu wetu. Kila timu ilitoa mshabiki mmoja, mtu mzima, aliyesoma kidogo, asiyekunywa kabla ya mchezo, naye akashika kibendera. Kila mmoja alisimama upande ambako timu yake mwenyewe inashambulia, na baada ya mapumziko wakabadilishana pande pamoja na timu. Mgeni angeona huo ni wendawazimu, kumweka mtu aamue kama washambuliaji wake mwenyewe wameotea. Lakini wazee walikuwa wamejaribu kinyume chake. Mshabiki alipowekwa upande wa lango lake, kibendera kilipanda kila adui alipovuka nusu ya uwanja, na michezo iliisha bila goli na kwa ngumi. Ndipo wakageuza. Walisema kuinua kibendera kwa uongo mtu anaweza, tena akajiona shujaa. Kunyamaza wakati uwanja mzima umeona kuotea, hiyo inataka uso mkavu sana. Walikuwa wanategemea aibu, na kwa miaka kadhaa aibu iliwafanyia kazi.

Mimi nilifaa kwa sifa zote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa karani wa ghala la mpunga, umri ulishapita arobaini. Na hakuna mtu mjini aliyezungumzia kuotea zaidi yangu.

Sina budi kueleza nilivyokuwa nikiiona timu yetu, maana kosa langu lilianzia huko. Kipa wetu alikuwa mvuvi. Mpira wa chini haukumtoka, kwa sababu mikono yake ilishazoea vitu vinavyoteleza, ila krosi za juu alizitazama kama mtu anayetazama ndege zikipita. Beki wetu namba tatu alikuwa seremala. Alipiga mpira na mtu kwa pamoja, na tulimpenda kwa hilo. Namba kumi alikuwa na jicho la pasi ambalo sijaliona tena katika bonde hili, lakini alilima mpunga mbali na mji, na msimu wa viboko kuingia mashambani alikuwa akikesha akiwafukuza. Kipindi cha kwanza alikuwa mfalme. Kipindi cha pili alitembea.

Halafu alikuwepo winga wetu wa kulia, namba saba, kijana wa kijiji cha Michenga. Sijawahi kuona mtu mwepesi namna ile kwenye majani yenye maji. Shida yake ilikuwa moja, alianza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Kocha wetu, ambaye alikuwa amehudhuria kozi moja Morogoro na kurudi na daftari la michoro, alimwambia kila jioni, "Subiri mguu wa mwenzako uguse mpira, ndipo utoke." Kijana aliitikia. Kisha siku ya mchezo sisi washabiki tulijipanga kwenye tuta la mtaro, mimi nikiwa mbele, tukapiga kelele "Kimbia! Kimbia!" kila namba kumi alipoinua kichwa. Naye akakimbia. Alimsikia nani, kocha mmoja au watu mia tatu? Kibendera kilipopanda tulisema waamuzi wamenunuliwa, na kocha tulisema hajui mpira. Leo nakiri kuwa kocha alikuwa sahihi na sisi ndio tuliomharibu yule kijana.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa timu ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Hao walitoka kila mkoa, wamechanganyika kwa dini na makabila, na walicheza kwa mpango. Mabeki wao wanne walikuwa na mtego. Namba tano wao, mtu wa kanda ya ziwa mwenye sauti nzito, alisema "Haya!" na wote wanne wakapanda mbele kwa pamoja kama watu wanaosukuma lori, wakamwacha winga wetu peke yake nyuma yao. Sisi tuliuita mtego ule woga. "Wanaume hawakabi," nilikuwa nikisema, "wanainua mikono tu!" Kwa chuki tuliyokuwa nayo, siku ya mchezo hakuna mshabiki wetu aliyetafuna muwa. Wao walitafuna makusudi, wakatutemea maganda kwenye mstari.

Mwamuzi wa kati siku ile alikuwa rafiki yangu.

Tulisoma wote sekondari, dawati moja. Yeye akawa mwalimu wa shule ya msingi, mimi karani, na hatukuitana kwa majina yetu tena. Yeye Mwalimu, mimi Karani. Mashamba yetu ya mpunga yalipakana kule bondeni, na kwenye mpaka tulijenga dungu moja, kile kichanja cha juu ya miti ambacho mtu hukaa kulinda mpunga. Nguzo nne zilikuwa zake na nne zangu. Mpunga ulipoanza kukomaa na kwelea kushuka kwa makundi, tulikaa huko juu kuanzia alfajiri, kila mtu na kombeo lake la kurushia madonge ya udongo, tukibishana mpira.

"Mwalimu, juzi umetunyima goli halali."

"Halali? Namba saba wenu alikuwa anamjulia hali kipa wao kabla mpira haujapigwa."

"Huoni vizuri. Nenda hospitali wakupime macho."

"Nitakwenda. Na wewe twende wakupime mdomo."

Ndivyo tulivyoishi. Uwanjani nilimwita kipofu, mwizi, mla miwa, kwa sauti ambayo hata mkewe aliisikia. Jumapili alikuja kwangu, akala wali na kambale, akamwambia mke wangu, "Shemeji, huyu mumeo ukimwacha njaa siku moja tu atanyamaza." Utani wake ulikuwa hivyo, na sikumbuki wiki iliyopita bila yeye kunitania.

Timu ya miwa ilimwamini. Alikuwa mtu wa Ifakara, lakini waliomba achezeshe yeye, kwa sababu alikuwa amewahi kutoa penalti mbili dhidi yetu kwenye uwanja wetu wenyewe na kutoka akitembea taratibu. Mchezo ule ndio uliokuwa unaamua nani awe bingwa wa wilaya na kwenda Morogoro. Wao sare iliwatosha. Sisi tulitaka goli.

Alituita katikati ya uwanja, mimi na mwenzangu wa upande wa miwa, mzee mmoja fundi mitambo. "Mkiona, inueni," alisema. "Msipoona, nitawauliza na mseme hamkuona. Nisichotaka ni mtu aone halafu anyamaze." Yule mzee alipokwenda zake, Mwalimu akanishika bega.

"Karani, miaka saba unaniita kipofu. Leo macho yangu ni wewe."

"Utaona mpira unavyochezeshwa," nikamjibu.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hawa wageni wameniomba mimi huku wanajua tunakaa dungu moja. Usinivunjie hilo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Dakika ya kumi hivi namba kumi alipiga pasi, winga akatoka, na mimi nilikuwa nimesimama sambamba kabisa na beki wao wa mwisho. Nilichokiona kilinishangaza. Kijana alikuwa amewapita hatua tatu kabla mguu haujagusa mpira. Kutoka kwenye tuta la mtaro, mahali niliposimama miaka yote, ilionekana kama wako sawa. Kutoka kwenye mstari hapakuwa na ubishi. Nikainua kibendera. Baada ya muda akatoka tena vilevile, nikainua tena. Nikawaza juu ya waamuzi wote niliowatukana kwa ajili ya yule kijana, mmoja mmoja.

Tuta lilikuwa nyuma yangu.

"Kala miwa huyo!"

"Mzee, hicho ni kibendera au fimbo ya ng'ombe? Mbona hakitulii?"

"Mwacheni nacho, afutie kamasi!"

Mama mmoja muuza samaki, ambaye nilikuwa mteja wake kila juma, alisimama na beseni lake akaniambia kwa upole wa kuumiza, "Baba, kesho kwangu usije. Kanunue huko kwa wakwe zako wa mashamba ya miwa."

Watu walicheka. Nilikuwa nimewahi kuwachekesha watu walewale kwa kumdhihaki mwamuzi mwingine, na nilijua utamu wake. Sikuwa nimewahi kukaa upande wa pili.

Wakati wa mapumziko katibu alinijia na kikombe cha maji. Hakukasirika. "Kaka," alisema, "hakuna anayekuambia uibe. Lakini macho ya mtu mzima huchoka. Yana haki ya kuchoka." Akachukua kikombe chake, akaondoka.

Kipindi cha pili namba kumi alitembea kama kawaida yake, na timu yetu ikaacha daftari la kocha, ikarudi kwenye butuabutua. Watu wa miwa walianza kupoteza muda. Kila aliyeguswa alilala. Mwalimu aliwainua mmoja mmoja, akiwaonyesha saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Wao walipiga kona, watu wao wengi wakawa kwenye lango letu, na Mwalimu naye alikuwa huko, mahali anapotakiwa kuwa. Beki wetu wa mwisho akauokoa mpira, akaubutua mbali kwa nguvu zake zote.

Nyuma, namba tano wao alisema "Haya!" na mabeki wake wakapanda. Winga wetu hakupanda nao. Mguu ulipogusa mpira alikuwa mbele yao hatua mbili, upande wa lango lao, mbele ya macho yangu. Niliona kama ninavyoiona karatasi hii. Mabeki wote walisimama wakainua mikono, wakanitazama mimi.

Kibendera kilikuwa kimelala kwenye paja langu. Sikuamua kukiacha. Ningependa kusema nilipambana moyoni, lakini sikupambana. Nilisikia tuta zima limenyamaza nyuma yangu, likisubiri, na mkono haukupanda. Winga alikwenda peke yake, akamchagulia kipa pembe.

Uwanja ulilipuka. Mwalimu hakupuliza. Alikuja mbio kutoka ule upande mwingine, wachezaji wa miwa wakimvuta shati, akafika mpaka mbele yangu, akihema.

"Ilikuwaje?"

"Safi," nikasema.

Alinitazama. Nadhani alijua hapo hapo. Lakini alikuwa ameniambia kuwa mimi ni macho yake, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno lake hata linapomuumiza. Akageuka, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

Kipenga cha mwisho kilipolia, washabiki wa miwa waliingia. Hawakunijia mimi. Mshabiki anayependelea timu yake ni jambo la kawaida, lakini wao walikuwa wamemwamini yeye. Walimzunguka wakiimba, "Dungu moja! Dungu moja!" wakapiga makofi kwa mdundo huo. Shati lake lilichanwa mgongoni. Hakukimbia. Wakati huo watu wetu walikuwa wameninyanyua mabegani pamoja na winga, na kutoka kule juu nilimwona akiinama kwenye tope, akiokota kipenga chake kilichokatika uzi.

Asubuhi iliyofuata alikuja bondeni kama kawaida, akapanda dungu, akaweka kombeo magotini. Ndege walishuka, hakuna aliyerusha udongo. Kisha akauliza.

"Karani, alikuwa ameotea?"

"Sikuona vizuri. Jua lilinipiga usoni."

"Jua lilikuwa mgongoni kwako," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa la mwisho tulilozungumza juu ya goli lile.

Timu ya miwa ilikata rufaa, nayo kamati iliyosimamia ligi ile ikanitaka niandike maelezo. Hapo nilipewa nafasi nyingine, tena nikiwa nimetulia, mezani, bila kelele za mtu yeyote. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora wa karani kwamba mchezaji hakuwa ameotea. Ningeandika kweli, timu yetu isingekwenda Morogoro, nami nisingeweza kupita sokoni. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Sikuwaza kwamba yeye naye alikuwa na soko la kupita.

Kamati iliacha goli lisimame, kwa kuwa mwamuzi na mshika kibendera walisema neno moja. Lakini kwa sababu ya maneno ya dungu ilimwondoa Mwalimu kwenye orodha ya waamuzi. Hakujitetea. Angeweza kusema alidanganywa. Alisema tu kwamba uamuzi ulikuwa wake. Shuleni kwake watoto walianza kumwimbia "Dungu moja" akigeuka kuandika ubaoni, na walimu wenzake walicheka na watoto. Aliwafundisha hivyo kwa miezi kadhaa.

Winga alinikuta njiani siku moja, akashuka kwenye baiskeli. "Shikamoo, mzee. Asante kwa siku ile. Nilikuwa mbele hatua mbili, nikajua umeona." Alisema kwa shukrani ya kweli. Morogoro tulifungwa michezo yote mitatu, na mwenyewe alinihesabia mara ngapi vibendera vya huko vilipanda juu yake. Nilitaka kuwalaumu wale washika vibendera, kwa mazoea. Sikuweza. Tangu siku ile sijaweza tena kukaa pembeni mwa uwanja na kumtukana mwamuzi, na bila hilo niligundua kuwa sikuwa na jambo kubwa la kufanya uwanjani.

Tulipomaliza kuvuna, nilikwenda bondeni nikakuta dungu limeegama upande mmoja. Alikuwa amezing'oa nguzo zake nne, akachukua na ngazi, ambayo aliitengeneza yeye. Zangu aliziacha zimesimama wima, hakuharibu hata moja. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akapelekwa shule moja maeneo ya Chita, na shamba lake akalima mtu mwingine.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka mitatu au minne baadaye, stesheni ya Ifakara. Alikuwa ameshuka kwenye treni na mkewe. Nilimfuata nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi, na pia, kwa upumbavu wangu, nimeandaa utani wa kuanzia. Nikamwambia, "Mwalimu, macho yalishapimwa?"

"Habari za siku nyingi," alisema. "Hamjambo nyumbani? Shemeji mzima?"

"Mzima."

"Nashukuru kusikia. Msalimie."

Akanipa mkono, akaubeba mzigo wake. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ilikuwa adabu, ile ambayo mtu humpa karani wa dirishani, na katika miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kunipa adabu. Mkewe alinitazama mara moja, akamfuata. Radhi yangu nilibaki nayo kinywani.

Alifariki huko. Habari nilizipata wiki tatu baada ya maziko, kutoka kwa mtu aliyeleta mpunga ghalani, akiwa katika mazungumzo ya mambo mengine. Hakujua kuwa niliwahi kumfahamu marehemu. Kwa desturi zetu za utani ningekuwa wa kwanza kuitwa na wa kwanza kumtania mbele ya watu siku ya msiba wake, lakini hakuna aliyekumbuka kuniita.

Timu yetu ilivunjika muda si mrefu. Goli lile hakuna anayelizungumza. Kwa ajili ya goli hilo Mwalimu alipoteza kipenga, shule yake na jina alilokuwa amelijenga. Mimi nilimpoteza yeye, rafiki wa tangu dawati moja, na sikupata mwingine.